Barua ya wazi: Pimeni chemchemi za maji moto kabla ya kuzifungulia wageni

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Maliasili na Utalii, ya Nishati, na ya Elimu. Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma. Na kwa Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri zote ambazo ndani ya mipaka yake kuna chemchemi za maji moto au za maji ya chumvi.

YAH: OMBI LA KUPIMWA NA KUANDIKISHWA KWA CHEMCHEMI ZA MAJI MOTO NCHINI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mkazi wa Ujiji, na ninaandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe halina ofisi moja. Chemchemi ya maji moto ikiwa ndani ya hifadhi ni ya utalii. Ikidhaniwa kuwa na joto la kuzalisha umeme ni ya nishati. Ikitoa chumvi ni ya madini. Na ikiwa kijijini tu, ambako watu huoga na kufua, aghalabu haina mwenyewe mpaka siku atakapotokea mtu mwenye mkataba mkononi. Ombi langu ni kwamba kabla chemchemi yoyote haijafunguliwa kwa wageni, haijajengewa nyumba za kulala wageni, wala haijachorongwa kisima jirani yake, ipimwe, ipigwe picha, iandikwe ilivyo, na kumbukumbu hiyo itunzwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuisoma.

Nitaanza na rangi, kwa kuwa ndizo zinazowavuta wageni, na pia ndizo zinazokuwa za kwanza kuharibika.

Katika hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani iko chemchemi iitwayo Grand Prismatic, yenye upana wa mita 110 hivi na kina cha takriban mita 37. Ukiiona katika picha iliyopigwa kutoka angani, katikati yake ni buluu iliyokolea, kisha inafuata pete ya kijani, kisha ya manjano, kisha ya machungwa, na nje kabisa kuna miale ya kahawia na nyekundu inayotawanyika kila upande. Nilipokuwa nikiwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu picha hiyo, swali la kwanza halikubadilika mwaka hata mwaka: “Mwalimu, nani kamwaga rangi?” Lilikuwa swali zuri kuliko walivyodhani, kwa maana rangi hizo, isipokuwa ile ya buluu, zina wenyewe, na wenyewe hao ni viumbe hai.

Katikati, ambako maji huweza kufikia nyuzi joto 87, hakuna kiumbe chenye rangi kinachoweza kuishi. Buluu tunayoiona ni ya maji matupu: maji safi yenye kina hunyonya sehemu nyekundu ya mwanga wa jua na kuiachia ya buluu irudi machoni. Maji yanapotambaa kwenda kando hupoa, na yakishuka hadi nyuzi 73 hivi hufika kwenye kikomo cha joto ambacho viumbe vinavyojilisha kwa mwanga wa jua vinaweza kukistahimili. Hapo ndipo pete ya manjano inapoanzia. Ni mkeka wa bakteria wadogo mno wasioonekana mmoja mmoja kwa macho, lakini wakikusanyika kwa mabilioni huwa utando unaoteleza. Maji yanavyozidi kupoa, aina nyingine za bakteria huingia na mikeka yao ya machungwa, na baadaye ya kahawia. Rangi hizo hutoka kwenye viini vinavyowakinga dhidi ya jua kali, vya jamii moja na vile vinavyoipa karoti na mawese yetu ya Kigoma rangi yake. Ndiyo sababu mikeka hiyo hukolea uchungwa wakati wa kiangazi cha huko na kuelekea kijani wakati wa baridi, jua linapofifia.

Maana yake, Waheshimiwa, ni kwamba rangi ya chemchemi ni kipimajoto. Pete ya manjano ikisogea kuelekea katikati, joto limeshuka. Buluu ikigeuka kijani, kuna jambo limetokea chini, kwenye njia ambayo maji hupandia. Mtu aliyeandika mwaka huu kwamba pete ya manjano iko hatua kumi kutoka jiwe fulani ataweza kusema baada ya miaka mitano kama chemchemi ni nzima au inaumwa. Asiyeandika atabaki na maneno ya wazee kwamba zamani ilikuwa nzuri zaidi, na maneno hayo hayatamshinda mwekezaji wala wakili wake.

Si kila rangi ni ya viumbe, na hili nalo lapaswa kuandikwa ili tusichanganye. Huko Dallol, katika bonde la Danakil nchini Ethiopia, zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, manjano, kijani na kutu vinavyoonekana vinatokana na salfa, chuma na chumvi ndani ya maji yenye asidi kali. Bwawa la Champagne Pool nchini New Zealand lina ukingo wa machungwa uliotokana na misombo ya aseniki na antimoni, na mtu yeyote atakayeuona utando huo na kuudhani mkeka wa bakteria atakuwa ameikaribia sumu. Ndugu zetu wa Ziwa Natron wanaijua rangi nyekundu inayoletwa na viumbe wapenda chumvi pale jua linapoyakausha maji ya magadi. Kwa hiyo kumbukumbu ninayoiomba haiwezi kuishia kwenye picha. Lazima iwe na joto, uchachu au magadi ya maji, na kiasi cha maji kinachotoka kwa dakika.

Hapa nataka kutaja jambo linalohusu hazina ya nchi. Mwaka 1966 mtafiti Thomas Brock alichukua sampuli katika chemchemi moja ya Yellowstone na kupata bakteria anayeishi vizuri kwenye nyuzi 70, ambaye baadaye aliitwa Thermus aquaticus. Kimeng'enya cha bakteria huyo, kwa kuwa hakiharibiki kwa joto, kilikuja kuwa nguzo ya njia ya kuzidisha vinasaba katika maabara, njia iliyompatia Kary Mullis Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Vipimo vya maabara vya UVIKO-19 vilivyoingizwa puani mwetu miaka michache iliyopita vilitegemea njia hiyo. Fedha zilizopatikana zilikuwa nyingi sana, na hifadhi iliyotoa bakteria haikupata mgao wowote. Jirani zetu wa Kenya nao walijikuta katika mzozo pale ilipobainika kwamba vimeng'enya kutoka kwa viumbe wa maziwa yao ya magadi vimeingia katika viwanda vya nje vya sabuni na vya kufifisha rangi ya jinzi. Nchi isiyojua ina nini ndani ya chemchemi zake haiwezi kudai kitu kikishaondoka ndani ya chupa ndogo mfukoni mwa mgeni.

Uharibifu wenyewe huja kwa njia mbili, na njia ya kwanza ni ya watu wa kawaida kama sisi. Huko huko Yellowstone kuna kidimbwi kiitwacho Morning Glory, kilichopewa jina la ua kwa ajili ya buluu yake. Wageni walizoea kukitupia sarafu kwa kutaka bahati. Mwaka 1950 watunzaji walikishusha maji na kukilazimisha kitapike, nacho kikatapika sarafu za zaidi ya dola 80, chupa, makopo, leso, soksi na taulo. Takataka hizo zilikuwa zimeziba sehemu ya mdomo wake wa chini, maji ya moto yakapungua, joto likashuka, na bakteria wa manjano na machungwa wakasogea ndani kuyafuata maji yaliyopoa. Leo kidimbwi hicho kina kijani na manjano mahali palipokuwa na buluu. Wageni wengi huyaona mabadiliko hayo kuwa mapambo, na picha zake huuzwa. (Sisi tunaotupa makopo ya soda ufukweni Kibirizi hatuna haki ya kuwacheka.)

Njia ya pili ni ya visima. Chemchemi inayorusha maji juu, ile ambayo vitabu vya shule huiita gaiza, ni kitu dhaifu kuliko inavyoonekana kwa kishindo chake. Inahitaji maji mengi, joto jingi chini, na bomba la mwamba lenye mahali pembamba. Maji yaliyo chini kabisa hupata joto kupita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu uzito wa maji yaliyo juu yake huyabana. Maji ya juu yakianza kumwagika, uzito ule hupungua, maji ya chini hugeuka mvuke ghafla, na yote hurushwa hewani. Ukilipunguza shinikizo hilo kwa kisima kilichochimbwa jirani, hakuna kitakachorushwa. Dunia nzima ina gaiza zipatazo 1,000 tu, na karibu nusu yake ziko Yellowstone.

New Zealand walijifunza somo hili kwa gharama. Kituo cha umeme cha Wairakei kilipoanza kazi mwaka 1958, gaiza za bonde la jirani zilinyamaza na hazijarudi. Mjini Rotorua, ambako wakazi walikuwa wamechoronga visima vingi vya kupashia nyumba joto, gaiza za Whakarewarewa zilianza kufifia hadi Serikali ikaamuru mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba visima vyote vilivyo ndani ya kilomita moja na nusu kutoka gaiza ya Pohutu vifungwe. Wenye visima walilalamika sana. Lakini maji yalipanda tena, na Pohutu inaendelea kurusha. Naomba izingatiwe kwamba amri ile iliwezekana kwa sababu kulikuwa na vipimo vya kabla na vya baada. Bila vipimo, kila mwenye kisima angesema kisima chake hakina hatia, na pengine angeaminiwa.

Sipingi umeme wa jotoardhi. Kenya imekuwa ikiuzalisha Olkaria tangu mwaka 1981, na sehemu kubwa ya umeme wao inatoka ardhini. Nasi tunayo kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi iliyoundwa mwaka 2013, na mkoani Mbeya wachorongaji wamekwisha kuingia kazini. Hii ndiyo sababu nasema muda ni sasa. Maji ya Songwe yamejenga ngazi za mawe ya chokaa kwa maelfu ya miaka, tabaka juu ya tabaka, na hakuna fundi atakayezirudisha zikikauka. Waturuki waliliona hilo Pamukkale, ambako hoteli zilijengwa juu kabisa ya ngazi nyeupe na kuyachota maji yaliyozilisha. Mahali hapo palipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1988, hatua zilizofuata zilikuwa kubomoa hoteli hizo, kuyagawa maji kwa zamu, na kuwavua wageni viatu kabla ya kukanyaga. Sisi tunaweza kuanzia pale walipoishia wao, tukaokoa na gharama ya kubomoa.

Nimeulizwa na wenzangu kwa nini mtu wa Kigoma ajishughulishe na maji ya Mbeya na Manyara. Jibu ni kwamba sisi tumekaa juu ya jambo hilo hilo. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, limelala ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na kwenye sakafu yake, upande wa kaskazini kwenye mwambao wa Kongo, watafiti waligundua katika miaka ya 1980 matundu yanayotoa maji ya moto chini ya ziwa, katika sehemu za Pemba na Rasi ya Banza. Baadhi ya maji hayo yalipimwa yakakaribia nyuzi 100, na huko Banza kuna vibomba vidogo vya mawe vilivyojengwa na madini yaliyogandishwa na maji hayo. Mvuvi wa dagaa anayewasha taa zake usiku hajui kwamba kuna jambo la namna hiyo katika ziwa lake, na sijaona kibao hata kimoja mjini Kigoma kinachomwambia. Ziwa hili lina mkataba wa nchi nne uliosainiwa mwaka 2003 na Mamlaka yenye makao yake Bujumbura. Sitaki kuamini kwamba ni vigumu kuliweka suala la matundu haya katika ajenda ya kikao kimoja.

Kisha kuna Uvinza. Chemchemi zake hazina pete za rangi wala hazirushi maji. Ni maji ya chumvi yanayotoka karibu na mahali Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, na mgeni aliyezoea picha za Yellowstone angepita bila kugeuza shingo. Hata hivyo uchimbuaji wa mambo ya kale uliofanyika mwaka 1967 ulionyesha kuwa watu walikuwa wakichemsha chumvi pale tangu karne ya 5 au ya 6 hivi. Vigae vya vyungu vyao vimo ardhini hadi leo. Katika karne ya 19, kabla Wajerumani hawajajenga kiwanda, watu walikuja kutoka mbali wakati wa kiangazi, wakachemsha, na kuwapa watawala wa Wavinza fungu la chumvi kama ushuru. Yaani chemchemi hiyo ilikuwa na msimu, mwenyewe na ada yake kabla ya wizara yoyote kuwapo. Ninaona aibu kwamba mtoto anayesoma Uvinza anaweza kumaliza kidato cha nne akijua Old Faithful, ile gaiza maarufu ya Yellowstone, ni nini na asijue kwamba kijiji chake kina historia ndefu kuliko ya mji wowote wa pwani anaouimba darasani.

Nakuombeni Wizara ya Elimu mlione hili. Kupima chemchemi hakuhitaji maabara kubwa. Kunahitaji kipimajoto kizuri chenye waya mrefu, karatasi za kupima uchachu, ndoo yenye alama za lita, saa, na simu ya kupigia picha kutoka jiwe lile lile kila mara, angalau kiangazi na masika. Shule ya sekondari iliyo karibu inaweza kuifanya kazi hiyo chini ya mwalimu wake, daftari moja likabaki shuleni na nakala yake ikaenda kwa afisa wa maliasili wa wilaya. Wanafunzi wakae kando wakati wa kupima pale ambapo maji ni ya moto mno, na fimbo ndefu itumike. Yellowstone peke yake imewapoteza zaidi ya watu 20 kwa maji ya moto, wengi wao kwa sababu ukoko wa ardhi unaoonekana mgumu ulivunjika chini ya nyayo zao au walitoka nje ya njia za mbao. Huku kwetu watu huchemsha mayai chemchemini na watoto hurukaruka ukingoni, wala hakuna kamba.

Kuhusu wageni, Mkoa wa Kigoma hauna haja ya kwenda kujifunza mbali. Katika Hifadhi ya Mahale mgeni anayekwenda kuwaona sokwe huvaa barakoa, hukaa umbali wa mita kumi, huongozana na kundi dogo lisilozidi watu sita, na muda wake ukiisha huondoka hata kama ndiyo kwanza sokwe wamekaa vizuri kwa picha. Wageni hulipa fedha nyingi na hutii. Adabu ya namna hiyo ndiyo ninayoiombea chemchemi: njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya mikeka ya bakteria, kwa maana alama ya kiatu kwenye utando ule hudumu, marufuku ya sabuni na ya kutupa chochote majini, marufuku ya kuyaelekeza maji kwenye bwawa la kuogelea kabla hayajapita mkondo wake, na mipaka ya uchorongaji iwekwe kwa kilomita zitakazotokana na vipimo, isiwe kwa makadirio ya mezani.

Ninalo angalizo. Chemchemi nyingi zina watu wake wa asili. Huko Mtagata, mkoani Kagera, wagonjwa wamekuwa wakienda kuoga kwa vizazi vingi, na kwingineko wazee hufanya matambiko. Ikiwa kuandikishwa kwa chemchemi kutageuka kuwa uzio na lango la tiketi, wenyeji wakaambiwa walipe ili waoge maji ya babu zao, basi mtakuwa mmewanyang'anya walinzi wa bure mliokuwa nao, na sijui mtawapata wapi wengine. Majina yao, nyakati zao za kuoga na sehemu wanazozitumia viandikwe katika daftari hilo hilo, mbele ya serikali ya kijiji, na vihesabiwe kuwa haki zilizokuwapo.

Wengine watasema mabadiliko huja hata bila mikono ya watu, na ni kweli. Gaiza na chemchemi kadhaa za Ziwa Bogoria, Kenya, zilifunikwa na maji ziwa lilipopanda, kama Tanganyika ilivyopanda miaka ya karibuni ikaingia majumbani mwa watu wa mwambao. Ngazi za mawe za waridi na nyeupe za New Zealand, zilizosifiwa dunia nzima, zilitoweka usiku mmoja wa Juni 1886 mlima Tarawera ulipolipuka. Kinachojulikana leo kuzihusu kimetokana na picha, michoro na vipimo alivyovichukua mwanajiolojia Hochstetter mwaka 1859. Hata Yellowstone ilipata kuwa hifadhi mwaka 1872 baada ya msafara wa mwaka uliotangulia kurudi na picha za Jackson na michoro ya Moran, ambazo wabunge waliokuwa hawajawahi kufika huko walitandaziwa mezani. Kumbukumbu ilitangulia, sheria ikafuata.

Ninachosubiri kutoka kwenu ni jibu la maswali mawili: ni ofisi gani itakayopewa jukumu la kuandikisha chemchemi hizi, na je, vipimo vitachukuliwa kabla ya kibali kingine chochote cha ujenzi au uchorongaji kutolewa? Kwa upande wa Uvinza niko tayari, pamoja na walimu wenzangu wastaafu, kuanza kazi hiyo bila malipo mara tu Mkurugenzi wa Halmashauri atakapotupatia barua ya utambulisho, kwa kuwa bila barua hiyo mlinzi wa getini hatatuelewa, na hatutamlaumu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Ujiji, Kigoma.

Nakala:
Wakuu wa shule za sekondari zilizo jirani na chemchemi
Maofisa Maliasili wa Wilaya
Wenyeviti wa Serikali za Vijiji husika